Harage Ulilotaka Kwenda Nalo

Aika mwanangu,

Mungu alipokuwa anagawa bahati, mimi nilipanga foleni mara mbili, na mara ya pili nilibadilisha kilemba ili wasinijue. Hili umelisikia tangu uko mgongoni. Nimefika Lusaka, nimefika Lubumbashi, nimekaa Guangzhou siku nne bila kujua neno lao hata moja na nikarudi na mzigo kamili, wakati wenzangu wenye Kiingereza chao walirudi na maboksi ya viatu vya mguu mmoja. Shule niliacha kidato cha pili, lakini wenye digrii wanakuja hapa dukani kuniuliza dawa ya wadudu wa nyanya, na wanaandika ninachosema. Na juu ya yote hayo, mimi ndiye mwanamke pekee Kariakoo nzima aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti na harage. Siyo na watu. Watu walishindwa kuamua. Harage ndilo lililonichagua.

Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo ninavyojua kuanza. Sasa tuendelee.

Mambo ya shuka na sabuni na ndala za kuogea sitayaandika. Una akili za kutosha, na usipokuwa nazo utaoga pekupeku, haijaua mtu. Mwaka jana ulikuwa unarudi nyumbani kutoka chuoni kila mwisho wa mwezi kama mpangaji anayefuata nguo zake. Mwaka huu umesema hatukuoni mpaka likizo kubwa. Kwa hiyo kwangu mimi unaondoka kesho. Mwaka jana yalikuwa mazoezi.

Nakuandikia nikiwa kaunta, kwenye daftari la bidhaa, ukurasa wa nyuma. Mteja akija nitaacha, akiondoka nitaendelea, kwa hiyo ukiona mwandiko umebadilika usifikiri nimeshikwa na uchungu. Ni mtu wa mbegu za bamia.

Juzi tukiwa tunakula uliniambia mambo mawili. La kwanza, unagombea uenyekiti wa chama chenu cha wanafunzi wa sayansi ya kilimo. Nikafurahi mpaka nikaongea Kichaga. La pili, kwamba mwaka jana kura za katibu zilifungana, watu wakagombana wiki mbili, wengine mpaka leo hawasalimiani, na wewe ukaipa kamati ya uchaguzi dawa: kura zikifungana tena, wasirudie kupiga, wasigombane, waweke punje ya mahindi na punje ya harage kwenye mfuko, mtu afungwe macho achomoe. "Kama ulivyoshinda wewe, Mama. Nimewasimulia wote. Wameipenda hiyo stori balaa. Na harage naenda nalo lile lile, nitawaonyesha siku ya kujinadi."

Mimi nikacheka nikakuongezea ndizi.

Leo asubuhi nimeona kile kichupa cha chanjo ya kuku kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, umekiviringisha kwenye soksi, na harage limo ndani. Kuna jambo kuhusu hilo harage ambalo natakiwa kukuambia kabla hujasimama mbele ya wenzako nalo. Juzi nilitaka kusema, nikakuongezea ndizi. Jana nilitaka kusema, nikakutuma Upanga ukamuage Ami Salim. Leo naandika, maana karatasi hainiangalii usoni.

Wakati ule ulikuwa darasa la pili, tunakaa chumba kimoja Buguruni, na kila siku baada ya shule ulikuwa unakuja kulala juu ya magunia yangu. Korido yetu ilikuwa na wauza mbegu ishirini na wawili, na tulikuwa na umoja wetu, siyo mkubwa: kuzikana, kutetea vibanda, kuamua nani afagie. Mwenyekiti wa zamani alirudi Rombo kulima ndizi zake, kiti kikawa wazi. Tukajitokeza wawili. Mimi, na Salim.

Wewe unamjua kama Ami Salim, mzee wa kukupa halua. Wakati ule alikuwa duka la tatu kutoka letu, babu yake alitoka Yemeni akamwachia kaunta ya mbao na tabia ya kutopiga kelele. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa inaniudhi. Mtu anauza mbegu Kariakoo bila kuita mteja, na wateja wanakwenda.

Salim aliahidi kitu kimoja. Alisema kila Jumamosi saa moja asubuhi, kabla ya kufungua, kila mwanachama alete punje kumi za kila mzigo mpya alioingiza. Tuziviringishe kwenye kitambaa kibichi, tuandike jina, tuziache siku saba, tuone ngapi zinaota. Mzigo usioota usiuzwe. Basi, akakaa.

Mimi niliahidi vitu kumi na mbili.

"Mama Aika," Mzee Kimario akaniuliza, yule mzee kuliko wote pale koridoni, aliyekuwa anasimamia uchaguzi, "hizo kumi na mbili umeziandika wapi?"

"Kichwani, Mzee."

"Na ya tisa ni ipi?"

"Ya tisa ni ya kuwashtukiza."

Watu wakacheka, na mimi nilipoona wamecheka nikaongeza. Nikasema, "Ndugu zangu, Salim ni mtu mzuri, lakini hajui kuongea. Anajua vitambaa tu. Mwenyekiti gani huyo, mwenyekiti au fundi cherehani?" Korido nzima ikalipuka. Salim naye alicheka. Tunza hiyo sentensi, nitairudia.

Siku ya kura, karatasi ilikataliwa. Mtu mmoja alisema hapa kila mtu anaujua mwandiko wa mwenzake kutoka kwenye risiti, siri iko wapi? Ndipo likaja wazo la mbegu. Kila mwanachama alipewa punje mbili, moja ya mahindi na moja ya harage. Mahindi ni Salim, harage ni mimi. Unaingia nyuma ya pazia la kanga, unatumbukiza moja kwenye debe, nyingine unaondoka nayo mfukoni. Mzee Kimario akamwaga debe juu ya kaunta mbele ya watu wote. Mahindi kumi na moja. Maharage kumi na moja.

Akahesabu mara tatu. Mtu akasema labda kuna panya. Hakukuwa na panya.

"Basi tumwachie Mungu," Mzee Kimario akasema. Akachukua soksi mpya kwa muuza soksi wa pale nje, akatia ndani punje moja ya mahindi na harage moja. Atakayechomoa awe nani? Mwanachama haiwezekani, kila mtu ana upande. Wote tukageuka tukamwangalia Bi Zuhura.

Zuhura alikuwa hana duka wala kura. Alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni kwa watu, leo kwangu, kesho kwa Salim, anapembua maharage kwenye ungo kwa kutwa. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. "Zuhura hana upande," watu wakasema, na ilikuwa kweli. Akafungwa macho kwa kanga yangu, niliyemfunga ni mimi. Akatia mkono ndani ya soksi, akakaa kidogo, akachomoa.

Harage.

Ulikuwepo. Uliamka kwa vigelegele ukadhani kuna harusi. Salim akanipa mkono mbele ya watu wote, akasema, "Hongera, Mama Aika. Bi Zuhura ana vidole vyema." Nikasema amina. Harage nikalichukua nikalitia kwenye kichupa, na tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga nyumbani kwangu, awe mchungaji, awe fundi bomba, ambaye hajaonyeshwa.

(Amekuja mtu wa bamia. Amenunua na tikiti. Tuendelee.)

Niseme kwanza dogo, linisaidie kupata pumzi. Harage uliloweka kwenye begi siyo lile. Lile la kwanza lilitobolewa na fukusi kabla hata mwaka haujaisha, nikakuta kichupa kina unga na mdudu mmoja amekaa kama mwenye nyumba. Nikachukua lingine kwenye gunia. Hilo la pili lilianguka kwenye sinki siku namwonyesha mwenyekiti wa mtaa. Hilo ulilonalo ni la tatu, ni la aina ya kablanketi, lina michirizi. La uchaguzi lilikuwa jekundu. Mwanasayansi mzima umelitazama tangu uko mtoto na hujawahi kuuliza kwa nini lilibadilika rangi.

Nilidhani nikishasema hilo nitajisikia nimemaliza. Sijamaliza.

Acha nikuambie nilivyoongoza. Mkutano wangu wa kwanza walikuja wote. Wa pili walikuja kumi na mbili. Wa tatu walikuja watano, na kati yao Mzee Kimario alikuwa amelala. Nikasema watu hawana taarifa, nikamkodi kijana wa kipaza sauti apite koridoni. Walisikia vizuri sana, hawakuja. Nikaleta chai na chapati. Wakaja, wakala, wakaniambia Mama Aika wewe ni kiongozi, wakaondoka kabla sijafungua ajenda. Nilikuwa naongea vizuri, Aika, wewe unanijua. Niliwachekesha wale watano mpaka machozi. Nikirudi nyumbani najiuliza mbona nimewachekesha na hakuna kilichofanyika.

Na vitambaa vya Salim nilivifuta mimi. Wiki ya kwanza tu. Kulikuwa na watu saba au wanane waliotaka kuanza, walishakuja na punje zao kwenye vikaratasi. Nikawaambia Jumamosi ni siku ya biashara, tusijichoshe, mbegu inatoka kiwandani na pakiti yake, wewe nani uipime. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Sababu yenyewe ni kwamba yalikuwa mawazo yake. Kila kitambaa ambacho kingetandazwa kingekuwa kinasema Salim, na mimi ndiye niliyekuwa na harage kwenye kichupa.

Salim hakubisha. Aliendelea kupima za kwake peke yake, nyuma ya duka, kwenye sinia.

Sasa yule mama wa Mkuranga. Nimewahi kukutajia juu juu, sijawahi kukueleza. Jina lake Bi Mwanaidi, alikuwa mwembamba, mrefu, anaongea polepole. Alinunua kwangu mbegu ya mahindi, yake na ya dada yake. Mzigo ule ulikuwa umekaa kwenye stoo yangu chini ya bati miezi yote ya joto kali. Nilijua. Pakiti zilikuwa nzuri, zinang'aa, nikamwambia, "Mama, hii ukiitupa tu inaota, hata kwenye lami." Akacheka. Nilipenda alivyocheka.

Alirudi wakati mahindi yanatakiwa kuwa yamefika magotini. Akasimama hapa hapa nilipoweka daftari. Akafungua pindo la kanga, akamimina juu ya kaunta. Zilikuwa mbegu. Zina udongo, zimevimba kidogo, hazina hata ncha.

"Nimezifukua," akasema. "Nilidhani ndege wamekula. Nikachimba mstari mmoja. Nikachimba wa pili. Ziko zote."

Nikasema, "Labda mvua, Mama. Mwaka huu mvua..."

"Mvua ilinyesha. Kwa jirani yameota. Yeye alinunua kwa yule Mwarabu wa duka la tatu."

Sikuwa na utani. Hiyo siku nadhani ndiyo ya kwanza tangu nizaliwe.

Akaniuliza, "Wewe si ndiye mwenyekiti wao?"

Nikasema ndiyo.

"Basi nimekuja panapostahili." Hakutukana, hakulia. Alikuwa ametoka Mkuranga kuja kumwambia mwenyekiti, kwa sababu aliamini mwenyekiti ni mtu wa kuambiwa.

Nilikwenda kwa Salim nikachukua mbegu nzuri nikampa, yake na ya dada yake. Mbegu nilikuwa nazo za kumpa. Msimu sikuwa nao. Alizipokea, akashukuru, akaondoka, na sikumwona tena.

Jioni ile nilisimama mbele ya kaunta ya Salim. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu, nikasema maneno mawili tu. "Lete vitambaa."

Angeweza kuniuliza vipi leo. Angeweza kuniuliza habari ya ile ahadi ya kushtukiza. Alisema, "Jumamosi saa moja. Njoo na mtoto, ana macho mazuri."

Ndiyo hivyo ulivyoanza. Si mimi niliyekupeleka kwenye kilimo, ingawa kanisani nasema ni mimi. Ni yeye, aliyekukalisha kwenye kreti la soda ukahesabu punje zilizoota na kusema kwa sauti, "Za Mzee Kimario, tisa. Za Mama..." ukaniangalia, "sita."

"Sita zenye afya," nikasema.

"Sita ni sita," Salim akakuambia. "Andika."

Na watu wakaja, Aika. Hapo ndipo ninapotaka uniangalie. Sikuita kwa kipaza sauti wala sikupika chapati. Jumamosi ya kwanza walikuja sita, ya tatu walikuja kumi na tisa, na Mzee Kimario aliyekuwa analala mikutanoni alikuwa anafika kabla ya wote, anachungulia kitambaa chake kama anachungulia mjukuu. Nilichukua muda kuelewa. Mtu hakuwa anakuja kusikia. Alikuwa anakuja kuangalia cha kwake, na akishaangalia cha kwake anachungulia cha jirani, na akishachungulia cha jirani ana la kusema, na hapo mkutano umeshaanza bila mimi kugonga meza.

Na unajua nilifanya nini? Niliwaambia, "Ndugu zangu, hii ndiyo ile ahadi ya tisa." Nilisema hivyo mbele ya Salim, ameshika kitambaa kibichi mkononi, maji yanamtiririka kwenye kiwiko. Watu wakapiga makofi. Salim alinitazama akatabasamu, akarudi kwenye punje zake.

Sasa turudi kwako. Umeniambia daftari la wanachama wenu limejaa majina na bustani ya chama imejaa magugu. Umeniambia kwenye mikutano ni wale wale saba, na kwamba kwenye ile bustani anayemwagilia ni mmoja tu, Yona, huyo huyo mshindani wako. Ukacheka ukasema, "Yona hajui kuongea, Mama. Anajua ndoo tu."

Nimekuambia utunze sentensi moja. Irudie sasa, uiweke karibu na hiyo yako.

Sikuambii umpishe Yona. Gombea. Ungekuwa huna uwezo ningekuambia, mimi siyo mama wa kusifia mtoto anayeimba vibaya. Unaongea vizuri kuliko mimi, na unajua vitu ambavyo mimi nilikuwa nadanganya kuwa navijua. Lakini kabla ya siku ya kujinadi, nenda kwenye ile bustani asubuhi moja, usipige picha, mshikie ndoo ya pili. Ukishinda, mtake awe karibu, na akifanya jambo, sema kwa sauti kuwa amefanya yeye. Mimi nililijua hili nikiwa nimechelewa, na mpaka leo sijalifanya kama inavyotakiwa.

Jana uliporudi Upanga ulisema Ami Salim mguu unamsumbua lakini kichwa kizima. Ukasema amekupa salamu za ajabu: "Mwambie mama yako bado navikumbuka vidole vya Zuhura." Ukacheka, ukasema uzee. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, nikashukuru kwamba nilikuwa nakata vitunguu.

Siyo uzee, mwanangu. Amelijua jambo hili tangu siku ile aliponipa mkono. Hakulisema kwenye mkutano, hakulisema nilipomwibia ahadi yake, hakulisema kwako jana mlivyokaa wawili na ungemwamini. Amelibakiza kwangu nilimalizie mwenyewe.

Fikiria kidogo kama mtu wa mbegu. Zuhura alianza kupembua maharage akiwa msichana mdogo. Alikuwa anatenga harage zima na lenye tundu huku anatusimulia habari za jirani yake, hata ungo haangalii. Mahindi yana ncha na ubapa, harage ni mviringo na linateleza. Mtoto mchanga angetofautisha. Na watu ishirini na wawili, wote wauza mbegu, wote tunalala na mbegu kwenye kucha, tukampa soksi yenye mahindi na harage, tukaona tumemaliza kazi kwa sababu tumemfunga macho. Macho, Aika. Walikuwa wanamwamini, ndiyo maana hawakuwaza. Mtu mmoja tu pale ndiye aliyewaza.

Na kamati yenu yote ni wanafunzi wa kilimo. Atakayetia mkono kwenye huo mfuko atakuwa anajua anashika nini, na yeyote atakayeambiwa amchague, atamchagua huyo. Ukifungana na Yona, rudieni kura. Gombaneni wiki mbili ikibidi, ni afadhali. Waambie hadithi ya mama yako ilikuwa na sehemu iliyokatwa, na ukitaka waambie yote, mimi nimeshazoea kuchekwa, ila sijazoea kuchekwa kwa haki.

Ukifungua ile soksi kwenye begi hutakuta kichupa. Utakuta barua hii. Harage nalitia kwenye makande yako ya safari usiku huu, pamoja na mahindi, yaive chungu kimoja. Nimeliangalia, halikutiwa dawa ya wadudu. Hutalijua ni lipi, na mimi pia sitalijua, na ndivyo ninavyotaka.

Zuhura alikufa bila kumwambia mtu. Hakutaka kitu chochote, na sikumpa. Kwa miaka yote hii nimejiambia kwamba ningeshinda tu, hata kama wangepiga kura mara ya pili. Huenda. Sitajua kamwe, maana nilijinyima nafasi ya kujua.

Kesho nitakusindikiza mpaka kituoni, nitapiga kelele kama kawaida, nitamwambia kondakta kwamba amembeba mwenyekiti. Usinijibu kitu. Basi likishaondoka nitakwenda Upanga kwa Salim, nikamwambie kile ambacho anakijua.

Na wewe kijue. Sikupanga foleni ya bahati mara mbili, wala mara moja. Nilipokuwa namfunga Zuhura kanga, niliinama nikamwambia sikioni neno moja: "Laini." Akatoa laini. Harage halikunichagua. Niliiba uchaguzi ule.

Mama yako.